Grinda ikiingia uani, mzazi apange masharti kabla plagi haijachomekwa

Zamani fundi wa geti alifika nyumbani na msumeno wa chuma, tupa na nyundo. Kukata nondo moja kulimtoa jasho, na watoto waliokaa kumtazama walichoka mapema wakaenda kucheza. Siku hizi fundi anafika na begi mgongoni, anaomba soketi, na baada ya dakika chache uani kunasikika mlio mkali huku cheche zikiruka kama fataki. Watoto hawaondoki tena. Wanasogea karibu.

Mashine hiyo ni grinda. Inakata nondo, bomba, bati na marumaru, na inalainisha chuma mahali palipochomelewa. Siyo ya karakana peke yake tena. Wapo akina baba walionunua ya kwao, wakaiweka stoo pamoja na ndoo za rangi na mabaki ya misumari. Imekuwa kifaa cha nyumbani kama pasi na jiko la gesi. Tofauti ni kwamba kuhusu pasi na jiko la gesi kila mama ana sheria zake, na watoto wanazijua. Kuhusu grinda, familia nyingi hazina sheria hata moja. Zinamwachia fundi.

Hapo ndipo penye tatizo. Fundi anaijua kazi yake, lakini haijui nyumba. Hajui kwamba mtoto wa miaka minne hupita nyuma ya banda kufuata kuku, kwamba mtungi wa gesi umewekwa nyuma ya ukuta wa jikoni, wala kwamba LUKU imebakiwa na uniti mbili. Anayeyajua hayo ni mzazi. Kwa hiyo usalama wa grinda nyumbani una wenyewe wawili: anayeishika na mwenye nyumba.

Kasi ambayo jicho haliioni

Grinda ndogo, ile ya diski ya inchi 4 na nusu, kwa kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukipigwa hesabu, ukingo wa diski unakwenda karibu kilomita 240 kwa saa, mara tatu ya basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Kwa sababu diski inazunguka mahali pamoja, jicho haliioni kasi hiyo. Linaona duara lililotulia.

Diski yenyewe si chuma kitupu. Ni chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi maalumu na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi. Ya kukatia ni nyembamba, mara nyingi milimita 1 hadi 3. Ya kusagia ni nene, kama milimita 6. Ya kukatia haikuundwa kubanwa ubavuni, hivyo anayeitumia kusagia anaweza kuipasua. Diski ikipasuka, vipande huondoka kwa kasi ileile iliyokuwa nayo, na haviulizi nani fundi na nani mtazamaji.

Kava si pambo

Kila grinda hutoka dukani na kava la chuma linalofunika sehemu ya diski. Kazi yake ni kuwa kati ya diski na mwili wa mtumiaji, ili cheche na vipande vielekee upande mwingine. Hata hivyo, si ajabu kumwona fundi akifanya kazi na grinda isiyo na kava. Akiulizwa, jibu hulijua: “Usiwe na wasiwasi, mama, kazi hii nimeizoea. Kava linanizuia kuona mstari.”

Wakati mwingine sababu ni nyingine. Kava limeondolewa ili iingie diski kubwa kuliko mashine. Hatari ya jambo hili haionekani mpaka hesabu ipigwe. Diski nyingi za inchi 7 zimeruhusiwa kuzunguka mara 8,500 kwa dakika, na si zaidi. Ikifungwa kwenye grinda ndogo ya mara 11,000, ukingo wake unafika karibu kilomita 370 kwa saa, wakati mtengenezaji ameiwekea kikomo cha kilomita 288. Fundi anaona amepata diski inayokata ndani zaidi. Kumbe ameshika kitu ambacho kinaweza kuvunjika wakati wowote, tena bila chochote cha kukizuia kisimfikie usoni.

Vivyo hivyo kwa diski ya msumeno wa mbao yenye meno. Ikifungwa kwenye grinda, meno hunasa kwenye mbao na mashine huruka kutoka mikononi. Aliye na mbao za kukata atumie msumeno wa mbao.

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kukagua mambo haya. Diski imeandikwa mizunguko inayoruhusiwa, na namba hiyo haipaswi kuwa chini ya ile iliyoandikwa kwenye mwili wa grinda. Kwenye pete ndogo ya chuma katikati ya diski, watengenezaji wengi huandika tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa sababu gundi hudhoofika. Diski iliyopasuka, iliyolowa maji au iliyoanguka kwenye sakafu haifai tena. Nayo ivunjwe kabla ya kutupwa, maana watoto wakiiokota wataifanya gurudumu la gari lao, na kesho yake inaweza kurudi kwenye begi la fundi.

Umeme umekatika, grinda haijazimwa

Grinda nyingi zina swichi inayojifunga. Ukiisukuma mbele inabaki hapohapo, kidole kikitoka mashine inaendelea. Sasa umeme ukatike katikati ya kazi. Mlio unanyamaza, fundi anaiweka grinda chini, anakwenda kunywa maji. Swichi bado imewashwa.

Ndani ya nyumba, mama anagundua kwamba uniti zimekwisha. Ananunua umeme kwa simu, anaingiza namba ishirini za tokeni, taa zinawaka. Wakati huohuo, nje, grinda iliyolala sakafuni inaamka yenyewe. Inaruka, inazunguka na waya wake, na aliye karibu ndiye anayepatikana. Mara nyingi aliye karibu ni mtoto aliyeona mashine imenyamaza akadhani imekuwa salama kuguswa.

Zipo grinda zilizotengenezwa zisijiwashe umeme unaporudi, lakini si zote, na kwa kuitazama tu si rahisi kujua. Sheria ya nyumbani inaweza kuwa fupi: umeme ukikatika, plagi inachomolewa. Na anayeingiza tokeni haingizi mpaka ameuliza kwa sauti, “Plagi iko nje?”, akajibiwa. Sheria hiyohiyo ifuatwe wakati wa kubadilisha diski. Kuzima swichi hakutoshi. Plagi itoke kwenye soketi na ikae mahali ambapo fundi anaiona, ili mtu mwingine asije akaichomeka kwa nia njema.

Jicho la mtazamaji

Cheche za grinda ni vipande vidogo vya chuma vyenye moto, na huruka mita kadhaa. Fundi mwenye miwani amejikinga, lakini mtoto aliyekaa kwenye ndoo akitazama hana kitu. Miwani ya jua haihesabiki hapa, kwa sababu kioo chake hakikutengenezwa kuzuia kipande kinachoruka na pembeni kuko wazi. Miwani ya kazi hufunika na pembeni, na zenye ubora huwa na alama kama EN 166 au Z87. Kwa kukata, miwani hiyo ivaliwe pamoja na ngao ya uso.

Watoto, kwa upande wao, hawahitaji miwani. Wanahitaji kuwa ndani, au upande mwingine wa nyumba, mpaka mlio uishe. Kuwaambia “kaeni mbali” hakufui dafu, kwa sababu cheche zinavutia. Afadhali mtu mzima mmoja apewe kazi ya kukaa nao, na mlango wa uani ufungwe. Kelele nayo ni sababu ya kuwatoa. Grinda inaweza kufika desibeli 100, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema sikio lisikae nacho bila kinga zaidi ya dakika 15 kwa siku.

Kipande cha chuma kikiingia kwenye jicho, nyumba nyingi zina tiba zake: ncha ya kitambaa, unywele, kijiti cha kiberiti, maziwa ya mama. Zote ziachwe. Kijiti huchubua kioo cha jicho, na maziwa huweza kuleta wadudu wa maradhi. Vumbi jepesi linaweza kusafishwa kwa maji mengi safi. Kipande kilichonasa hakitoki kwa maji, na ndani ya saa chache chuma huanza kuacha kutu kwenye kioo cha jicho. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa macho siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Kama kipande kimechoma jicho, jicho halioshwi, halisuguliwi, wala kipande hakivutwi. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama sehemu ya chini ya kikombe cha plastiki, kisha mgonjwa awahishwe hospitali yenye huduma ya macho. Mzazi amwambie daktari kwamba kilichoingia ni chuma cha grinda. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu kipimo cha MRI hutumia sumaku kubwa na kinaweza kukisogeza chuma kilichobaki ndani ya jicho.

Moto unaochelewa

Cheche ikitua kwenye godoro lililoanikwa, gunia la mkaa, majani makavu au paa la makuti, moto hauwaki palepale kila mara. Unaweza kufukuta ndani kimyakimya, fundi akalipwa akaondoka, kisha moshi ukaonekana. Viwango vya moto vya NFPA vya Marekani vinataka vitu vinavyoshika moto viwe mita 11 mbali na kazi ya cheche. Uani kwa Waswahili wengi hapafiki hata mita 11, kwa hiyo kinachoweza kuhamishwa kihamishwe: nguo za kwenye kamba, mkaa, dumu la mafuta ya taa, na mtungi wa gesi kwanza kabisa. Kisichohamishika kifunikwe kwa bati. Ndoo ya maji au ya mchanga iwe karibu, na kazi ikiisha mtu mzima abaki akiangalia kwa nusu saa hadi saa nzima. Moto ukiwashinda, namba ya Zimamoto Tanzania ni 114.

Kuna kazi mbili ambazo mzazi azikatae moja kwa moja. Ya kwanza ni kukata pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, rangi au kemikali ili kutengeneza jiko la kuchomea nyama. Pipa linaloonekana tupu lina mvuke, na cheche moja hulifanya bomu. Ya pili ni kukata vipande vya paa la asbesto kwenye nyumba za zamani. Vumbi lake husababisha saratani, na halionekani likishatawanyika chumbani.

Marumaru na zege pia vina vumbi baya. Lina silika, ambayo shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka mwaka 1997 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kazi ya kukata marumaru isifanyike sebuleni huku familia ikiendelea kuishi humo. Ifanyike nje, upande ambao upepo unaondoka nyumbani, na fundi avae barakoa inayobana ya aina ya N95 au FFP2. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Kumwagia maji kwenye grinda ya umeme isiyoundwa kwa maji si suluhisho, kwa sababu shoti ya umeme huua haraka kuliko vumbi.

Baba anayekata mwenyewe

Kwa mzazi mwenye grinda yake, ajali nyingi huanzia mahali pamoja: chuma kubana diski. Nondo iliyowekwa juu ya mawe mawili na kukatwa katikati hulegea, inajikunja kwenda chini na kuikaba diski kama koleo. Diski ikikwama, nguvu yote ya mota hurudi kwa aliyeshika, na grinda huruka kuelekea shingoni, kifuani au pajani kabla mtu hajafumba jicho.

Dawa yake ni maandalizi. Chuma kifungwe kwenye jiliwa au klampu, kisishikwe kwa mguu wala na mtoto. Kikatwe karibu na mahali kiliposhikiliwa, ili kipande kinachotoka kianguke chenyewe na nafasi ya mkato ifunguke. Mikono iwe miwili, mmoja kwenye mwili wa grinda na mwingine kwenye mpini wa pembeni. Mwili usimame kando ya mstari wa diski, si nyuma yake. Diski mpya ijaribiwe kwanza kwa kuzungushwa bila kukata kwa dakika moja, ikiwa imeelekezwa mbali na watu. Baada ya kuzima, mtumiaji asubiri mpaka diski isimame ndipo aiweke chini.

Mavazi nayo yana neno. Kikoi, kanzu, shati lililofunguliwa vifungo na kamba za kofia hunaswa na diski na kuivuta mashine mwilini. Jinzi, shati la pamba lililofungwa, viatu vilivyofunika mguu na glavu za ngozi zinazobana ndizo nguo za kazi hii. Kandambili zibaki mlangoni.

Ikitokea mtu amekatwa, jeraha libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka hospitali. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja, kwa sababu baridi kali huua nyama.

Makubaliano kabla ya bei

Mama mwenye nyumba akimuuliza fundi kuhusu kava baada ya kazi kuanza, anaonekana mbishi. Akiuliza kabla ya bei kukubaliwa, ni mteja anayejua anachotaka. Masharti yenyewe yanaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu: grinda ije na kava na mpini, diski iwe ya saizi ya mashine na haijapitwa na tarehe, fundi na msaidizi wake waje na miwani, umeme ukikatika plagi itoke, na kazi isianze mpaka watoto wameondolewa uani. Fundi mzuri hatachukia. Anayechukia anastahili kuulizwa kwa nini. Na kama bei ikipanda kidogo kwa ajili ya miwani ya msaidizi, bado ni ndogo kuliko nauli ya kwanza ya kwenda kliniki ya macho.

Neno moja kuhusu huyo msaidizi. Mara nyingine ni mtoto wa miaka 13 au 14, mpwa wa fundi, anayeshikilia nondo huku amegeuza uso kukwepa cheche. Tanzania iliridhia mwaka 2001 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaopinga ajira mbaya zaidi kwa watoto, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na inamkinga aliye chini ya 18 na kazi za hatari. Mzazi anayewatoa watoto wake uani na kumwacha huyo mwingine akishikilia nondo hajamaliza kazi yake. Nondo ishikwe na klampu.

Kijana wa nyumbani ambaye macho yanamwaka kila akiona cheche naye asikatizwe tamaa. Uchomeleaji ni ufundi unaolipa na unafundishwa kwenye vyuo vya VETA. Lakini shule yake ya kwanza ni anachokiona nyumbani. Akimwona baba anavua kava ili amalize haraka, hilo ndilo somo atakalokwenda nalo karakanani, na hakuna mwalimu atakayelifuta kwa urahisi. Kwa hiyo kabla hajaruhusiwa kushika mashine, apewe kazi ya mkaguzi: asome namba kwenye diski, atafute tarehe, ahesabu kama miwani inatosha, ahakikishe plagi iko nje wakati diski inabadilishwa. Akigundua kosa, kazi isimame mpaka lirekebishwe, hata kama aliyekosea ni baba yake.